Kichwa Kizito: Juu ya Kitabu cha Mganga Carothers na Vipimo vya Akili

Katika parokia moja ya Likasi, ambako nilitumwa kusaidia mwaka wangu wa pili wa upadri, nilikuta daftari la mafundisho ambamo katekista alikuwa akiandika mbele ya kila jina neno moja juu ya akili ya mtoto. Wengine walikuwa «mwenye akili», wengine «wa katikati», wengine «kichwa kizito». Nami nikafuata desturi. Kijana mmoja wa Panda, wa miaka kumi na mmoja, kila Jumamosi alisinzia, wala hakuweza kurudisha amri za Mungu kwa utaratibu. Nilimwandikia kwa mkono wangu: «kichwa kizito, angoje mwaka mwingine». Sikumuuliza kitu. Ninalitaja jambo hili kwanza, kusudi msomaji asifikiri kwamba maneno yatakayofuata juu ya waganga wa zamani yanatoka kwa mtu aliyesimama mbali nao.

Kitabu ninachotaka kukipima hapa kilitolewa mwaka 1953 huko Geneva na Shirika la Afya la Dunia. Kinahusu akili ya Mwafrika, akiwa mzima na akiwa mgonjwa. Mwandishi ni mganga J. C. Carothers, mzaliwa wa Afrika ya Kusini, aliyeongoza lopitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, tangu 1938 mpaka 1950. Mtu ataniuliza: kwa nini kufukua kitabu cha miaka sabini iliyopita? Nitamjibu kwamba wachache kati yetu wamekisoma, lakini mawazo yake yanatembea bado katika shule, katika biro za kazi, hata katika sakristia, bila jina la mwenyewe. Tena leo elimu ya ubongo imepata nguvu mpya. Kuna mashine zinazopiga picha ndani ya kichwa cha mtu mzima na hai, na kila mtu anataka kujua picha hizo zinasema nini juu ya maskini. Ni vema tujue walivyosema wale waliotangulia.

Tumpe kwanza haki yake. Carothers hakuwa mtu wa matusi. Anazungumza juu ya malaria, juu ya minyoo, juu ya watoto wanaokosa chakula cha kujenga mwili, juu ya malezi ya kijijini. Mwanafunzi wa seminari angeweza kusoma kurasa nyingi bila kukasirika. Lakini njia hiyo ndefu inamrudisha mahali alipokuwa amekwisha kufika katika makala yake ya 1951: kwamba Mwafrika hatumii sana sehemu ya mbele ya ubongo, ile iliyo nyuma ya paji la uso, na kwamba kwa tabia anafanana na Mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu hiyo. Siku zile, Ulaya na Marekani, waganga walikuwa wakiwakata hivyo wagonjwa wengine wa akili ili watulie. Basi Mzungu aliyeharibiwa kwa kisu akafanywa kipimo cha Mwafrika mwenye afya.

Alimwona nani, mganga huyu? Aliwaona waliopelekwa Mathari, na wengi walipelekwa kwa sababu walikuwa wamesumbua utaratibu wa serikali, au wa bwana wao, au wa mji. Mgonjwa aliyetulia nyumbani kwa mama yake hakumwona. Hata hivyo alihesabu wale wa lopitali, akatoa hukumu juu ya bara zima. Katika darasa la mantiki mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akifanya hivyo, mwalimu humrudishia karatasi yake.

Lakini kosa hilo la hesabu si kubwa kuliko yote. Angalieni mtu mwenyewe anayepimwa. Katika Kenya ya miaka ya 1920 na 1930, mwanaume Mwafrika alivaa kipande shingoni, ndani ya kikopo cha chuma. Humo mlikuwa na alama za vidole vyake, jina la bwana wake na habari za mshahara wake. Kuacha kazi bila ruhusa ya bwana kulikuwa kosa la kuhukumiwa. Halafu mganga anaandika kwamba mtu huyo hapangi mambo ya kesho, wala hapendi kujitwika madaraka. Kesho ipi? Madaraka yapi? Sheria ilimfunga mikono, na elimu ikaja kueleza kwamba mikono yake kwa asili haisogei. Ndiyo sababu nasema kwamba kitabu hiki, pamoja na adabu yake yote, ni kitabu kisicho cha haki. Kinaichukua hali waliyomtilia mtu kwa nguvu, kinaificha ndani ya paji la uso wake, kisha kinaigundua humo.

Alikuwa na watangulizi. Mwaka 1934 mganga F. W. Vint alitangaza habari za ubongo wa maiti 100 za Waafrika wa Kenya. Aliupima uzito, akapima na unene wa ganda lake, akaona unapungukiwa ukilinganishwa na wa Wazungu. Mwenzake H. L. Gordon alizitumia hesabu hizo kutetea wazo kwamba Mwafrika amezaliwa na akili pungufu. Mwaka 1933 palikuwa pameundwa Nairobi chama cha kuchunguza namna ya «kuboresha» kabila za watu. Njaa ya marehemu wale walipokuwa watoto, na magonjwa yao, hazikuwekwa katika mizani.

Mwaka 1954 serikali ya Kenya ilimwomba Carothers aeleze Mau Mau. Akaeleza: chanzo akakitafuta hasa katika roho ya Mkikuyu iliyotikiswa na mageuzi, si katika ardhi iliyochukuliwa. Wakati uleule watu zaidi ya milioni walikuwa wakihamishwa kwa nguvu katika vijiji vilivyozungukwa na mitaro na seng'enge. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 pauni milioni 19.9 kwa mateso waliyoyapata katika siku zile. Katika shauri hilo hakuna aliyezungumza tena juu ya paji la uso.

Waafrika hawakukaa kimya. Mganga Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria, aliyeongoza lopitali ya Aro, Abeokuta, tangu 1954, alisema kwamba maandishi ya namna hiyo yako karibu na hadithi kuliko elimu. Frantz Fanon, mganga wa akili aliyefanya kazi Algeria, alimjibu Carothers kwa jina katika kitabu chake cha 1961. Nawashauri wanaseminari wasome kurasa zile, hata kama hawatamfuata Fanon katika mambo yake yote. Mimi mwenyewe simfuati katika yote.

Tusiseme sasa: hayo ni mambo ya Waingereza. Hapa Katanga, Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza karibu na mwisho wa miaka ya 1920 kuwaweka wafanya kazi wake kambini pamoja na wake na watoto wao, wasirudi kijijini. Panda yetu ni mtoto wa siasa hiyo. Shule za kambi zilikuwa mikononi mwa wamisionari, na tulifundishwa humo mengi mema. Tulifundishwa pia kwamba mtu wa kazi asiulize sana. Katika miaka ya 1950 kampani ilikuwa na nyumba yake ya kuchunguza akili huko Elisabethville, kusudi ijue nani apelekwe shule ipi na nani apewe kazi ipi. Wataalamu wa pisikolojia walikuja kutoka Ulaya na makaratasi yao ya vipimo.

Mmoja wao ni André Ombredane. Mwaka 1954 alitoa kitabu juu ya kile alichokiita mentalité ya weusi. Jina la kitabu linanichoma, nakubali. Lakini miaka miwili baadaye yeye na wenzake walitangaza jaribio ambalo lingepasa kufundishwa katika kila seminari. Walichukua kipimo cha Raven, kile cha michoro: mtu anaonyeshwa mchoro wenye pengo, naye achague kipande kinachofaa kuliziba. Hakuna maneno, na kwa hiyo watu walidhani kipimo hiki ni sawa kwa kila taifa. Walikipeleka kwa Wasalampasu wa Kasai. Badala ya kuwapima mara moja na kwenda zao, waliwapima tena, na tena. Alama zilipanda. Tena zile za mwisho zililingana na uwezo mwingine wa watu wale kuliko zile za kwanza.

Tafakarini jambo hili. Akili haikuzaliwa kati ya siku ya kwanza na siku ya mwisho. Mtu ambaye maisha yake yote hakushika karatasi yenye michoro, mbele ya mgeni asiyejulikana ametumwa na nani, siku ya kwanza anapima kwanza huyo mgeni. Ndipo baadaye anaangalia mchoro. Anayempima mara moja tu na kuandika matokeo ameandika habari za woga na ugeni, akaziita akili. Ombredane alikuwa mwaminifu kiasi cha kuonyesha udhaifu wa chombo chake mwenyewe. Lakini kuna swali lisiloulizwa katika kazi zote za namna hiyo: aliyepimwa alipewa neno gani juu ya matokeo? Karatasi ilifuata njia ya mwenye kazi.

Na watu hao hawakuwa bila hesabu. Desemba 1941, wakati wa vita, bei za vitu zilikuwa zimepanda na mshahara ulikuwa haupandi nazo; wafanya kazi wa Jadotville na wa Elisabethville waligoma. Tarehe 9 Desemba, Elisabethville, askari waliwapiga risasi watu waliokusanyika kwenye kiwanja cha mpira, na wengi wakafa. Yule aliyeweza kuweka pamoja bei ya unga, bei ya kitambaa na posho ya juma, akaona kwamba haitoshi, alikuwa amefanya kipimo cha akili bila karatasi. Waliompa jibu hawakuwa wanapisikolojia.

Kipimo kilekile cha Raven kimerudi tena katika siku zetu, na safari hii kwa njia nyingine. Mwaka 2013 wataalamu Mani, Mullainathan, Shafir na Zhao walitangaza jaribio walilolifanya katika Uhindi ya kusini, kwa wakulima wa miwa. Wakulima hawa hupata fedha mara moja, baada ya mavuno. Kabla ya mavuno huwa na madeni na wasiwasi. Walipimwa kabla, wakapimwa baada. Watu walewale, baada ya mavuno, walifanya vizuri zaidi. Mjuzi wa jaribio la Ombredane atauliza mara moja: je, si mazoea tu? Swali ni la haki, nao walilifikiria, wakapima pia wakulima ambao walikuwa hawajapimwa kabla. Wengine wamebishana nao juu ya hesabu, na ni vema wabishane. Lakini mgeuko wa swali ndio ninaoupenda. Mwenye kupima zamani alisema: huyu ni maskini kwa sababu kichwa chake kimepungua. Hawa wanasema: kichwa chake kimejaa deni, hakuna nafasi ya mchoro.

Hata hivyo nina hofu na elimu hii mpya. Mwaka 2015 Kimberly Noble na wenzake walitangaza picha za ubongo wa watoto na vijana 1,099 wa Marekani: upana wa ganda la ubongo ulifuatana na mapato ya wazazi, na zaidi kwa wale walio maskini kabisa. Vint alipima ganda la maiti. Hawa wamepima ganda la walio hai. Waandishi wenyewe hawakusema kwamba maskini wamezaliwa hivyo. Lakini mtu mwenye haraka atasoma mstari mmoja wa gazeti na kusema: mnaona, maskini wana ubongo mdogo, fedha ya shule itapotea bure. Namba ileile inaweza kuwa shitaka juu ya wale wanaolipa mishahara, au hukumu juu ya mtoto. Mashine haichagui.

Mwanaseminari anayejua Mtakatifu Thomas hana sababu ya kuogopa hapa. Alifundishwa kwamba roho ni umbo la mwili, na kwamba akili ya mtu, ingawa haina kiungo chake yenyewe, inahitaji picha zinazoletwa na hisi. Kiungo kikiumizwa, akili inazuiliwa katika kazi yake. Kwa hiyo tunaweza kusema bila haya kwamba njaa na sumu zinadhuru kufikiri, wala tusiseme kwamba aliyedhurika amepungua utu. Wale wanaokataa elimu ya ubongo eti kwa kutetea roho, naona wanawaacha watoto wadhurike kimyakimya.

Mifano ya kudhurika haiko mbali. Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya ziwa Kivu, waganga wa Kibelgiji, François Delange na wenzake, walichunguza katika miaka ya 1960 kwa nini watu wengi wa kaskazini ya kisiwa walikuwa na uvimbe mkubwa wa shingo, na kwa nini watoto wengine walizaliwa wafupi, viziwi, na akili iliyofungwa. Kilichokosekana kilikuwa ayodini kidogo sana. Na muhogo usiotengenezwa vizuri ulizidisha upungufu huo. Dawa ilikuwa mafuta yenye ayodini kwa sindano, na kwa nchi nzima, baadaye, chumvi. Ni jamaa ngapi zilisema wamerogwa, ni walimu wangapi waliandika «kichwa kizito» juu ya mtoto ambaye mama yake, alipokuwa na mimba, alikosa chumvi nzuri?

Na risasi, ile ya madini. Mwaka 1979 Herbert Needleman alionyesha, kwa kupima meno yaliyong'oka ya watoto wa shule wa Massachusetts, kwamba wale wenye risasi nyingi mwilini walipungukiwa alama za akili na utulivu darasani, ingawa hakuna mganga aliyewaona wagonjwa. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri za zamani kiliwatia risasi watoto wa mtaa; Phyllis Omido, mama aliyefanya kazi humo na mtoto wake akaugua, aliongoza watu mpaka mbele ya hakimu, na mwaka 2020 mahakama iliwapa shilingi bilioni 1.3, rufani zikafuata. Huko Kabwe, Zambia, mgodi wa risasi ulifungwa mwaka 1994, lakini vumbi lake halikufungwa. Shauri lililopelekwa Johannesburg mwaka 2020 kwa ajili ya watoto wa Kabwe lilikataliwa na hakimu Desemba 2023. Kabwe iko kwenye reli ileile inayopanda mpaka kwetu.

Kwetu, mwaka 2009, waganga wa chuo kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven walitangaza hesabu za mikojo ya watu 351 wa kusini ya Katanga. Wale waliokaa karibu na migodi na viwanda, chini ya kilometa 3, walikuwa na kobalti nyingi kupita kiasi, tena risasi na madini mengine, na watoto walizidi wakubwa. Mtu wa Panda akisoma hayo haulizi mbali ni wapi. Anafungua dirisha.

Sasa neno kwa walezi wa seminari, maana vipimo vya pisikolojia vimeingia pia nyumbani kwetu. Idara ya Roma inayohusika na malezi ilitoa mwongozo juu yake mwaka 2008, na mwongozo huo unadai kwamba kijana akubali mwenyewe mbele ya wakati, kwa hiari na akijua anachokubali. Si jambo dogo. Vijana watatu wamenieleza, kila mmoja peke yake, kwamba walijaza karatasi katika lugha ya Kifaransa ngumu, siku moja, baada ya safari ya usiku kwenye lori, na hawakuonyeshwa kamwe kilichoandikwa juu yao. Mmoja alirudishwa kwao. Pengine alistahili kurudishwa; sijui, naye hajui. Sipingi vipimo. Nimeona mtaalamu mwema akimsaidia kijana kuliko mafungo matatu. Nauliza tu ni nani anayeshika karatasi, inakaa kabatini miaka mingapi, na kama kijana mwenye njaa na usingizi atapimwa mara ya pili, kama wale Wasalampasu.

Mtoto yule wa Panda, nilikwenda kwao mwishoni, baada ya katekista kuniambia kwamba mama yake ameuliza sababu. Babu yake alikuwa mmoja wa wafanya kazi 10,655 walioondoshwa na Gécamines katika «kuondoka kwa hiari» kwa miaka ile ya 2003 na 2004. Mtoto aliamka saa kumi usiku, akaenda na mama yake mtoni kuosha mawe ya madini, akaja kwenye mafundisho bila kula. Alijua kunitajia bei ya kila namna ya jiwe, na makosa ya mizani ya kila mnunuzi, na hesabu alizifanya kichwani bila kalamu.

Tulimrudisha katika kundi la Pasaka. Katekista aliniuliza tuandike nini sasa kwenye safu ile ya daftari, maana haikuwa vema kuiacha tupu. Tulikubaliana kuandika saa ambayo mtoto anaamka, kazi anayoifanya kabla ya kuja, na kama amekula. Safu ni nyembamba, maneno yanapita mstari. Mwaka ujao tutatafuta daftari pana zaidi.